Sweta ya Mikono Mirefu

Mwende,

Ukizima ile simu tena mbele ya watu kama ulivyoizima Jumamosi, usiniite Susu. Tafuta nyanya mwingine. Huku Masii wako wengi, na wengine wao hata hawana kazi. Mimi sikulea mtu tangu akiwa hana meno ndio aje afe kwa sababu ya adabu.

Umeenda sokoni kusukwa nywele, na kesho asubuhi Muthama na mama yake wanakuja kukuchukua. Kwa hivyo niko na huu mchana peke yangu. Nimekaa hapa nje ya jikoni, kwa kile kiti cha kamba, na ile simu uliyoninunulia iko kwa paja. Kalamu ni ile ya darasa la ngumbaru. Unajua vile mimi huandika, herufi zangu zinatembea kama kuku amefungwa mguu. Utasoma hivyo hivyo. Ningekuambia kwa mdomo, lakini mimi nikifungua mdomo natukana, na wewe ukitukanwa unacheka, na tukimaliza kucheka hakuna kitu kimesemwa.

Sitakuandikia habari ya kupika, wala kufua, wala vile mtu hukaa na bwana. Hayo utajua, ama Muthama atavumilia. Nataka Jumamosi.

Jumamosi watu wa Muthama walileta mbuzi wa ntheo. Bila hizo mbuzi msichana hajaolewa, hata akizaa timu ya mpira, kwa hivyo nilifurahi, sitadanganya. Nilivaa ile nguo yangu ya kijani. Muthokoi ulikuwa umeiva, wali uko tayari, kuku wangu wawili wamekufa kwa heshima. Wewe uliona chakula kikipakuliwa ukafikiri wakati umefika. Ukaingia chumbani ukajidunga ile sindano ya chakula, kama sista wa kliniki alivyokufundisha, kwamba unajidunga halafu unakula. Kwa sindano hukukosea. Ulisahau wewe ni nani hiyo siku. Msichana ambaye ntheo yake imeletwa hali kabla ya wageni. Anabeba maji ya kunawa, anapakulia wakwe, anangoja washibe, halafu ndio anaenda kula jikoni na wasichana wenzake. Na wakwe hawali kabla ya maombi. Na aliyepewa maombi ni mjomba wa Muthama, yule mzee wa kanisa mwenye koti la kahawia.

Huyo mzee aliomba. Aliombea mbuzi na waliowachunga. Aliombea mvua, kisha mahindi ambayo mvua hiyo itanyeshea. Aliombea barabara ya Mombasa na malori yote ya mawe yanayotoka Lukenya, kwa sababu Muthama anaendesha moja. Aliombea mimba yako pia, na hapo nikasema amina kwa nguvu nikifikiri amemaliza. Hakuwa amemaliza. Na wewe umesimama hapo na birika na beseni, dawa iko ndani ya damu inatafuta chakula, na chakula kimefunikwa na sahani.

Simu ikalia. Yangu ikalia ndani ya kiondo, yako ikalia kwa mfuko wa sweta, ile sauti yake mbaya kama kifaranga amekanyagwa. Mzee akanyamaza, akafungua jicho moja.

Ukasema, "Samahani baba, ni watu wa promosheni."

Ukaingiza mkono mfukoni ukaizima. Watu wakacheka kidogo. Mzee akasema hata shetani siku hizi ako na laini, na akaendelea na malori.

Mimi nilikuwa nimeangalia yangu chini ya leso. Niliona sukari yako ni tatu na kitu, na mshale umeangalia chini wima, kama mtu anaruka kisimani. Na nilikaa. Nilijiambia, mzee anamaliza sasa hivi. Nilikaa kwa kiti cha heshima nikiona midomo yako inageuka rangi, na sikuinuka, kwa sababu mama ya msichana hainuki katikati ya maombi ya wakwe na kusema mtoto wake ni mgonjwa wa sukari. Sisi tunaita nthoni, ile heshima ya aibu ambayo mtu huwapa wakwe wake. Nilifundishwa nthoni na mama yangu, nikakufundisha wewe. Jumamosi nilikaa nikiiangalia ikikunywa.

Ndio amina ikakuja. Ukaanza kunawisha watu, na ulipofika kwa Mama Muthama maji yote yakaenda kwa kiatu chake. Hapo niliinuka. Nikasema kwa sauti ya furaha, "Mwende, njoo unisaidie na sufuria." Nikakushika kiuno nikakuburuta. Na sikukupeleka jikoni, jikoni kulikuwa na watu. Nilikupeleka nyuma ya ghala, kwa mavi ya zile mbuzi mpya.

Wewe hukumbuki, kwa hivyo nitakuambia. Ulikaa chini kama gunia. Jasho linatoka, macho yananiangalia kama mtu anaangalia ukuta. Ukaniuliza, "Mama amekuja?" Mama yako alikufa ukinyonya, na maisha yako yote hujawahi kuniuliza hilo swali. Nikatoa soda kwa kiondo nikaifungua kwa meno, nikakushikilia chupa mdomoni, nikakuambia meza, ng'ombe wewe, meza. Ingine ilikupitia puani. Ingine ulimeza.

Na Mama Muthama akatokea kwa kona ya ghala, kiatu kimoja kimelowa.

"Kuna nini hapa?"

"Ni mimba tu, mama. Mimba na jua."

"Na hii sweta yote ni ya nini na hili joto? Mvue apate hewa."

Akainama kukuvua. Aliinama vizuri, kwa huruma, kama mtu ambaye amezaa. Alishika kola. Na mimi nikashika mkono wa sweta nikaukaza, hapo juu ya kiwiko, pale kile kifungo chako cha kupima sukari kimekaa chini ya nguo.

"Aiee, wacha. Huyu husikia baridi."

"Baridi ya wapi? Hawa wasichana wa siku hizi ni laini kama mandazi." Lakini alifungua kitambaa chake cha kichwa, mbele yangu, nywele zake nyeupe zote nje, akakupepea nacho mpaka ukanijua tena.

Hiyo ndiyo Jumamosi. Ulipona, ukajipanguza, ukarudi ukapakulia watu wali. Wageni wakaondoka wakisema nimelea msichana mwenye heshima. Halafu tukiosha vyombo ukaniambia, "Asante Susu kwa kunifunika."

Mwende, mimi nimeogopa vitu. Niliogopa mwaka wa njaa. Niliogopa siku tulimzika mama yako na wewe uko mgongoni mwangu unacheza na kola yangu. Lakini sijui kama nimewahi kuogopa kama hapo kwa karai la vyombo. Msichana karibu aiache dunia nyuma ya ghala na mtoto wake tumboni, na anasema asante kwa kufunikwa. Nikajua hii kitu nimeipanda mimi, na imeota, na kesho inapanda gari kwenda kwa nyumba yenu mpya Mlolongo.

Unajua ilipoanzia. Ulikuwa darasa la tano. Ulianza kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, unamaliza mtungi ambao nimebeba na mgongo, halafu usiku unakojoa kitandani, msichana mkubwa na matiti yanatokeza. Nilikuchapa. Nilifikiri ni uvivu wa kutoka nje. Na godoro nililianika pale kando ya njia, watu wa kanisa wakipita walione, ndio uone aibu uache. Ulikuwa unakonda, na mimi nilisema ni hasira inakukausha. Mpaka siku ile ulilala na hukuamka, pumzi yako inanuka kama ndizi zimeiva sana, na daktari wa hospitali akaniuliza, "Nyanya, huyu mtoto amekuwa akinywa maji namna hii kwa muda gani?" Nilimjibu ni juzi tu. Hata hapo nilidanganya.

Na tulipotoka hospitali na sindano zako, ndio nikaanza kuficha. Nilisema ni homa ya mapafu. Mwalimu nilimwambia homa ya mapafu. Wewe nilikufundisha ujidungie chooni, na nikakuambia, watu wakijua uko na sukari hakuna mtu atakuoa, watasema damu yenu ni mbovu. Ulikuwa mtoto mtiifu. Ulikubali. Kwa hivyo ona kazi yangu: godoro la mtoto mgonjwa nilianika barabarani, na ugonjwa wenyewe nikaufungia ndani. Nilianika cha kufichwa, nikaficha cha kuanikwa. Hakuna mtu alinifundisha huo ujinga, niliutunga mwenyewe.

Nimesimama kidogo nikaangalia simu. Uko sita, mshale umelala. Sawa. Nafikiri wanakuvuta nywele.

Hii simu na kile kifungo, unakumbuka nilivyovitukana siku ya kwanza. Sista alikubandikia kwa huo mkono nikamuuliza, kifungo cha koti kitajuaje damu? Nikasema ni biashara ya watu wa mjini. Akaniambia, "Nyanya, mwenye mimba na sukari hawezi kujitoboa kidole mara moja asubuhi akasema amejua siku yake. Mtoto anakula anachokula mama, saa hiyo hiyo. Ikipanda mtoto ananona vibaya, ikishuka mama anaanguka." Halafu akasema uchague watu ambao simu zao zitalia kama yako ikilia. Wengi, alisema. Mume, jirani, mtu wa kazini, mtu aliye karibu.

Ukachagua mimi. Mimi peke yangu. Nikavimba kichwa, Mwende. Nilitoka hapo kliniki nikitembea kama chifu. Nilijifunza ile nukta na ule mshale haraka kuliko nilivyojifunza A na B, kwa sababu nambari nimezijua sokoni kabla sijazijua kwa ubao. Nilijua ukilalia huo mkono kifungo kinadanganya, kinasema umeshuka na hujashuka. Nilijua kukiwa na mashaka unatoboa kidole. Nilijua hata kwamba hicho kifungo kiko nyuma ya damu kidogo, kwamba ninapoona uko mahali, damu yako imeshapita hapo zamani. Hilo la mwisho ningependa nisingelijua.

Sasa nikuulize. Kwa nini ulichagua mimi peke yangu? Usiniambie ni mapenzi. Ni kwa sababu mimi peke yangu ndio najua kila kitu. Muthama anajua uko na "sukari kidogo." Nilimsikia akisema hivyo, sukari kidogo, kama ya chai. Anafikiri kile kifungo ni cha mimba, ati kila mwenye mimba anapewa. Na wewe umemwacha afikirie.

Unakumbuka zile siku ulienda Mlolongo kuona nyumba. Mimi nilikuwa chini kule kwa matuta nalima maharagwe, simu kwa kiondo. Ikalia. Nikaona umeanza kushuka, nikasema atakula. Ikalia tena. Halafu ile nukta yako ikaisha. Haikushuka, haikupanda. Iliisha tu, na mbele yake kukawa peupe, kama njia imefika kwa mto. Nikapiga, yule mwanamke wa simu akaniambia haupatikani. Nikapiga tena, akarudia vile vile na sauti yake tamu. Nilitupa jembe. Nilipanda juu mpaka kwa choo ya kanisa ambapo netwaki ni nzuri, nimeinua simu juu kama mtu anaombea taifa. Peupe. Sikuwa na nambari ya mtu mwingine hata mmoja Mlolongo. Hata ya bawabu. Muthama simu yake ilikuwa imezimwa, ako kwa machimbo anapakia mawe. Nilikaa chini nikaanza kulia kwa sauti, kilio chenyewe, kile cha matanga. Mama Kioko akaacha ng'ombe akaja mbio akifikiri nimeumwa na nyoka.

"Ni nini, Susu Mwende?"

Na mimi nikamwambia ni jino.

Mtu wangu amekufa, nilivyojua mimi. Na nikasema ni jino. Yule mama akaenda kwake akaniletea karafuu, akaniambia niziume upande unaouma, na mimi nikaziuma, machozi yanatoka, mdomo umekufa ganzi, mpaka ukapiga simu ukicheka, "Susu, chaji iliisha tu." Nilikutukana na mdomo uliokufa ganzi, ukacheka zaidi.

Cheka. Lakini fikiria hiyo siku vizuri, kwa sababu hiyo ndiyo kila siku yako kuanzia kesho. Mtu mmoja anajua, na huyo mtu ni mzee, ako Masii na jembe, na wewe uko juu ya ghorofa Mlolongo, mlango wa chuma umefungwa kwa ndani, bwana ako Lukenya, na majirani hata jina lako hawajui. Nikiona mshale umeanguka kisimani, nitafanya nini? Nitaimba? Nitamwambia nani akuvunjie mlango? Umenipa macho ya kuona ukifa na hukunipa mkono wa kukushika. Hicho si kitu cha kumpa mtu uliyesema unampenda.

Nimeandika hapa nikasikia simu. Uko nne, na mshale umeinama.

Nimekupigia. Umeshika ukinong'ona kama mwizi.

"Susu, niko na watu."

"Watu gani?"

"Dada yake Mama Muthama. Anasukwa kiti hiki kingine."

"Ile ndizi yako iko wapi?"

"Kwa mkoba."

"Kula."

"Nikitoka."

"Mwende."

"Susu, tafadhali." Na ukakata.

Sasa niko hapa nakungojea na kalamu. Dada ya mama mkwe wako anakuzuia kula ndizi. Ndizi. Nani amewahi kusutwa kwa ndizi? Atauliza kwa nini unakula na kichwa kimesukwa nusu, na wewe utatakiwa kusema neno moja, na hilo neno mimi nilikufundisha usiseme. Nimeangalia hiyo nukta mpaka macho yamelowa. Kuku wamepanda kwa mtama niliouanika na siwafukuzi. Ikishuka tena nitatembea mpaka sokoni na hii miguu, nitaingia kwa hiyo saluni, na nitasema mwenyewe.

Imelala. Imeanza kuinuka. Sijui umekula mbele yake ama umeomba kwenda chooni ukamezea huko. Nafikiri chooni. Najua mwanafunzi wangu.

Basi sikiliza sasa, nimalizie kabla hujafika hapo kwa lango na hiyo shingo imevutwa.

Nataka ufikirie Mama Muthama. Unaogopa atasema damu yetu ni mbovu. Hata mimi niliogopa, tangu siku ya kwanza walituma watu. Lakini atakaa kwenu mpaka uzae, hiyo ameshasema, na sisi wote tunajua atafanya nini. Atakupikia. Ataamka mapema akukorogee uji na vijiko vya sukari kama anapanda mbegu, atasema kunywa, uko wawili. Utakunywa kwa nthoni. Tumbo likiwa kubwa atapiga kigelegele, na hatajua anapigia nini. Na siku ukitetemeka atasema ni jua, kwa sababu mimi ndio nilimwambia ni jua. Huyo mama atakuumiza na mapenzi yake yote, na haitakuwa makosa yake. Na mtoto akiwa msichana ataitwa jina lake, si langu, ndivyo desturi yetu ilivyo, na hilo limenichoma kidogo, sitaficha. Huyo aliye ndani ni jina la yule mama. Una haki gani kumficha mtu kwamba jina lake mwenyewe liko hatarini?

Tena aliinama. Kwa mavi ya mbuzi, na nguo nzuri, kiatu chake umekilowesha. Akafungua kichwa chake wazi mbele ya watu wasio wake. Mimi ndio nilikuwa nimeshika sweta. Nimejiuliza tangu Jumamosi, kati ya sisi wawili hapo nyuma ya ghala, ni nani alikuwa mama yako, na sijapenda jibu.

Kile kifungo nimekuja kukiheshimu. Kifungo hakina nthoni. Hakingojei mzee amalize kuomba. Hakiulizi nani ameketi hapo kabla ya kulia. Mimi nilikuwa na macho mawili, na mdomo ambao Masii yote inauogopa, na nikanyamaza, na kile kitu kidogo kama kifungo cha koti kikalia mbele ya wakwe bila aibu. Halafu wewe ukakizima. Hapo ndipo nilitaka kukupiga na birika.

Ule mtungi wa dawa utaenda nao. Najua Muthama ameniimbia sifa ya friji, ati iko na milango miwili. Friji inakula tokeni, na tokeni ikiisha friji ni kabati. Mtungi wangu wa udongo na mchanga uliolowa umekutunzia dawa tangu darasa la tano bila stima, na sista mwenyewe aliingiza mkono akasema, nyanya, hapa ni baridi kweli. Uuweke kwa kivuli, mchanga usikauke. Barua hii nitaiweka juu ya kifuniko chake, kwa sababu najua kila jioni lazima ufungue hapo.

Naogopa, Mwende. Siandiki hivi ili unihurumie. Naogopa asubuhi hizo za Mlolongo, naogopa ule mlango wa chuma, naogopa peupe. Sista alisema kuanzia sasa kiasi cha dawa kitakuwa kikibadilika na mimba, kwamba dawa ya mwezi huu si ya mwezi ujao, na siku ya kuzaa itageuka tena, na lazima watu walio karibu wajue. Alisema watu. Wewe ukasikia Susu.

Kwa hivyo kesho itakuwa hivi. Gari likisimama hapo kwa lango, usipakie hata kikombe. Utatoka nje na ile blauzi ya maua, ya mikono mifupi. Utaenda mpaka kwa Mama Muthama, utamsalimia kama inavyostahili, halafu utamgeuzia huo mkono aone kifungo. Utamwambia ni sukari, tangu utotoni, na si kidogo. Utamwambia Jumamosi haikuwa jua, na kwamba Susu alidanganya. Sema jina langu vizuri, usilitafune. Halafu utachukua simu yake na ya Muthama uziweke pale kwa meza, uziunganishe na kifungo, na uwafundishe mshale. Mshale ukiangalia chini, soda ama glukosi kwanza, maswali baadaye. Ukifika Mlolongo utafute mama mmoja wa hiyo ghorofa, umpe ufunguo, unitumie nambari yake. Wakitaka kurudi na mbuzi zao, warudi nazo. Zinakula sana.

Mimi nitakuwa nimesimama kando yako. Mdomo wako ukikwama nitasema mimi, na unajua mimi nikisema watu wa ng'ambo ya mto wanasikia.

Simu isizimwe. Na hiyo sweta ya mikono mirefu niliyokununulia mimi mwenyewe ndio ujifichie, ivue ukimaliza kusoma hapa. Uiache kwa kitanda changu.

Susu wako